KUPINDA KONA KWA PIKIPIKI: SOMO KWA DEREVA ALIYEJIFUNDISHA MWENYEWE

Ninyi mliokusanyika katika vikundi, mwenyekiti na ahakikishe kwamba kila mtu anasikia vizuri, na mwandishi wa kikundi awe na kalamu yake tayari. Na wewe utakayelisoma somo hili baadaye katika karatasi, lisome polepole, kisha uende nalo uwanjani ukalifanyie kazi. Maana somo la leo halifahamiki kwa masikio peke yake. Hufahamika kwa macho, kwa mikono na kwa magoti.

Leo tutazungumza habari ya kupinda kona kwa pikipiki: namna ya kukaa, namna ya kutazama, na namna ya kuifanya pikipiki ikufuate unakotaka kwenda. Nasema hasa na wewe uliyejifundisha mwenyewe.

Nimelichagua somo hili nikiwafikiria vijana wa Kalangalala, pale mjini Geita, na wenzao wa Katoro, Kahama na Shinyanga, ambao wamefanya pikipiki kuwa jembe lao. Ukisimama pale Kalangalala alfajiri utawaona. Huyu anampeleka mchimbaji machimboni. Huyu amefunga kiroba cha mawe anakipeleka karashani. Yule amempakia mama mwenye mtoto mgongoni, anakwenda kliniki. Barabara ya lami inatoka Mwanza, inapita Sengerema, inaingia mjini. Lakini ukiiacha lami hiyo hatua chache tu, unakanyaga udongo mwekundu na changarawe. Kwa hiyo dereva huyohuyo, katika safari moja, hupinda kona za namna mbili zisizofanana kabisa. Na nyuma yake amekaa mtu ambaye ameukabidhi uhai wake kwa nauli ndogo.

ULIJIFUNDISHA NAMNA GANI?

Ngoja nibahatishe. Ulianza na baiskeli ya baba. Ulikuwa mfupi, hukukifikia kiti, basi ukapitisha mguu mmoja katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, ukaendesha umejipinda upande. Ukaanguka, ukachubuka magoti, ukainuka. Siku moja ukaona baiskeli inakwenda na wewe huanguki. Miaka ikapita. Jioni moja rafiki au binamu akakupa pikipiki yake. Akakuonyesha klachi, gia, breki na mafuta. Akakuambia, "Achia klachi polepole." Ukaenda mpaka mwisho wa uwanja, ukarudi. Haukupita muda mrefu ukaanza kupakia abiria.

Sikucheki, ndugu yangu. Kujifundisha kazi mwenyewe ni jambo la heshima, na watu wengi wenye ustadi mkubwa walianza hivyo. Lakini elimu ya namna hiyo ina kasoro moja: inakufundisha kwenda, haikufundishi kuokoka. Mwili wako ulijitafutia njia ya kutoanguka, nayo ukaizoea. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Siku za kawaida mazoea yale yanakufikisha salama. Lakini siku ng'ombe anapokatiza katikati ya kona, au lori linapojitokeza mbele yako, huna nafasi ya kufikiri. Siku hiyo mwili unafanya kile ulichozoea, kiwe kizuri au kibaya.

Jambo hili limechunguzwa. Huko Marekani, mwaka 1981, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southern California wakiongozwa na Harry Hurt walitoa ripoti juu ya ajali za pikipiki. Walikuwa wamekwenda mahali penyewe palipotokea ajali zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles, wakapima alama za tairi barabarani na kuzungumza na watu. Waliona kwamba katika kila madereva 100 wa pikipiki waliopata ajali, 92 walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na jamaa na rafiki. Waliona pia kwamba wengi, walipopatwa na hatari, walikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu mpaka tairi likaburuzika, na ile ya mbele wakaitumia kidogo mno. Kukwepa kwa kuigeuza pikipiki haraka, karibu hakuna aliyeweza. Na katika ajali ambazo pikipiki ilianguka bila kugongana na chombo kingine, karibu theluthi mbili zilitokana na kosa la dereva mwenyewe. Na kosa la kawaida lilikuwa breki iliyozidi, au mwendo uliozidi katika kona.

Kwetu, ajali ikitokea, watu husema, "Ajali haina kinga." Neno hilo lina mahali pake: humfariji aliyefiwa. Lakini dereva asilichukue likawa sheria yake ya kazi. Ajali ya kona ina kinga, na kinga yenyewe imo mwilini mwako. Tatizo ni kwamba hofu hukunyang'anya kinga hiyo kwa njia tatu. Mwandishi, andika. Kwanza, hofu huyavuta macho yatazame kitu kile kinachotisha. Pili, hofu hukakamaza mikono. Tatu, hofu hukanyaga breki ghafula. Mambo hayo matatu ndiyo yanayomwangusha mtu. Somo lote la leo ni dawa ya mambo hayo matatu.

NAMNA YA KUKAA

Tuanze na kukaa, maana aliyekaa vibaya hawezi kupinda vizuri.

Wengi waliojifundisha wenyewe hukaa mbele mno, tumbo limegusa tanki. Mikono wameinyoosha kama wanaosukuma mkokoteni. Magoti wameyatanua nje, na miguu wameiacha inaning'inia, tayari kukanyaga chini pikipiki ikiyumba. Kukaa hivyo kulikusaidia siku ya kwanza ulipokuwa unaogopa kuanguka. Siku hizi kunakudhuru.

Simamisha pikipiki kwa stendi yake ya katikati, injini imezimwa, ukae juu yake. Rudi nyuma kidogo mpaka viwiko vyako vikunjike bila shida. Ukitikisa viwiko juu na chini kama kuku anayepiga mabawa, vitikisike kwa urahisi. Vikikataa, umekaa mbele mno au umekaza mabega. Sasa bana tanki kwa magoti. Usilibane kwa nguvu nyingi, libane kama unavyombana mbuzi asikimbie unapomfunga kamba. Magoti na mapaja ndiyo yanayokushikilia juu ya pikipiki. Wala si mikono.

Weka kikanyagio chini ya sehemu pana ya wayo, ile iliyo nyuma ya vidole, hasa unapoingia kona. Vidole visining'inie chini, maana pikipiki ikilala vitagusa ardhi. Mgongo uwe umelegea kidogo, kichwa kimesimama. Halafu shika usukani kama unavyoshika yai la kuku: usilidondoshe, wala usilivunje.

Kwa nini mikono ilegee? Tairi la mbele linapopita juu ya mawe na mashimo madogo hutikisika, kisha hujinyoosha lenyewe. Limeundwa hivyo. Mikono iliyokaza hulizuia lisijinyooshe, na kila mtikisiko hupita mikononi ukaingia mwilini, na mwili ukaurudisha kwenye usukani umekuwa mkubwa zaidi. Ndiyo maana pikipiki ya mtu mwenye hofu huyumba kuliko ya mtu aliyetulia, ingawa barabara ni ileile moja.

MACHO

Wewe uliyelima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe wajua jambo hili tayari. Mkulima anayeinamia ncha ya jembe, mfereji wake hupinda kama nyoka. Anayetazama mti ulio mwisho wa shamba, mfereji wake hunyooka. Pikipiki ni hivyohivyo. Huenda macho yanakoelekea.

Ukilikodolea macho shimo, utaingia shimoni. Ukilikodolea macho lori linalokuja, utavutwa kulifuata. Si uchawi. Macho yakigeuka, kichwa hufuata. Kichwa kikigeuka, mabega hufuata. Mabega yakigeuka, mikono husukuma usukani upande ule bila wewe kujua. Basi yatumie macho yako kama mtumwa wako, yasiwe bwana wako.

Unapokaribia kona, tazama kwanza ardhi ya mahali utakapopita: je, pana changarawe, mafuta, maji, au kinyesi cha ng'ombe? Ukishaona, inua macho. Geuza kichwa chote, kidevu kielekee mahali kona inapoishia. Kona ikizidi kufunguka, yapeleke macho mbele zaidi. Usirudi kutazama tairi lako la mbele. Tairi lipo, halitakukimbia.

Na ikiwa kuna hatari katikati ya kona, itambue mara moja, kisha tazama nafasi iliyo wazi kando yake. Useme moyoni, "Napita pale." Jambo hilo ni gumu, maana hofu itayarudisha macho yako kwenye hatari. Ndiyo maana nitakupa zoezi lake baadaye.

MWENDO UAMULIWE KABLA YA KONA

Sasa kuna hesabu kidogo, lakini si hesabu ya kutisha.

Pikipiki ikipinda ni lazima ilale, ama sivyo itakutupa nje ya kona. Chukua kona ambayo, kama ingekamilishwa ikawa duara, ungekuwa na mita 15 kutoka katikati mpaka ukingoni. Ni kona ya kawaida ya mtaani. Ukiipinda kwa kilomita 20 kwa saa, pikipiki italala karibu digrii 12, ambazo ni kidogo tu. Ukiipinda kwa kilomita 30, italala karibu digrii 25. Ukiipinda kwa kilomita 40, ni lazima ilale karibu digrii 40. Lami kavu na tairi jipya huenda vikakuvumilia. Changarawe haitakuvumilia: tairi litakosa mshiko, litateleza, nawe utakuwa chini.

Ona sasa. Toka 20 hadi 40 umezidisha mwendo mara mbili tu. Lakini nguvu inayokutupa nje imezidi mara nne. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kona hufanya, uijue usiijue.

Basi, kanuni ni hii: punguza mwendo pikipiki ikiwa imesimama wima, katika njia iliyonyooka, kabla hujaanza kupinda. Punguza, ingiza gia inayofaa, ndipo upinde. Katika barabara ya udongo punguza zaidi kuliko unavyodhani yatosha. Kadhalika katika mvua za kwanza za vuli, lami iliyokuwa na vumbi na mafuta ya magari ya kiangazi kizima hugeuka utelezi.

Kumbuka pia kwamba sisi twaendesha upande wa kushoto. Kona ya kushoto ikikushinda, utatupwa kulia, mbele ya gari linalokuja. Kona ya kulia ikikushinda, utatupwa mtaroni. Katika kona usiyoona mwisho wake, ingia kwa mwendo unaoweza kusimama ndani ya sehemu unayoiona. Na katika kona ya kulia, angalia kichwa chako kisipite juu ya mstari wa katikati. Tairi laweza kuwa upande wako na kichwa kikawa upande wa lori.

SIRI YA KUSUKUMA MKONO

Nikuulize swali. Ukitaka kwenda kushoto, unageuza usukani upande gani? Utajibu, "Kushoto, mwalimu."

Swali hilo liliwahi kuulizwa na Wilbur Wright, yule ambaye pamoja na ndugu yake Orville walirusha ndege yao ya kwanza yenye injini tarehe 17 Desemba 1903. Kabla ya ndege, ndugu hao walikuwa mafundi wa baiskeli katika mji wa Dayton, Marekani. Wilbur aliwauliza makumi ya waendesha baiskeli wanafanyaje kupinda kushoto. Karibu wote walimjibu kama ulivyonijibu wewe. Naye alikuwa amegundua kwamba sivyo wanavyofanya. Kwanza huugeuza usukani kidogo sana kulia. Baiskeli huanza kuangukia kushoto. Ndipo usukani nao hufuata kushoto. Miili yao ilijua jambo ambalo vinywa vyao havikulijua.

Na pikipiki ni hivyohivyo. Ikitambaa taratibu kama mtu anayetembea, geuza usukani upande unaokwenda. Lakini ikishachapua, tuseme kilomita 20 kwa saa na zaidi, kanuni hubadilika: sukuma mbele mkono wa upande unaotaka kwenda. Ukitaka kushoto, sukuma kidogo mpini wa kushoto uende mbele. Pikipiki italala kushoto na itapinda kushoto. Ukitaka kulia, sukuma mpini wa kulia. Usiukandamize kwenda chini. Usukume mbele, taratibu, kwa kiganja.

Kwa nini nikueleze jambo ambalo mwili wako umeshalijua? Kwa sababu mwili wenye hofu hulisahau. Dereva Fulani ameingia kona ya kushoto kwa mwendo uliozidi kidogo. Anaona pikipiki inakwenda nje, inaelekea katikati ya barabara. Anaogopa, anakakamaza mikono yote miwili, na mkono wa kulia unasukuma kuliko wa kushoto. Pikipiki inasimama wima, inanyooka, inamtoa nje. Husema baadaye, "Pikipiki ilikataa kupinda." Haikukataa. Yeye ndiye aliyeikataza. Mara nyingi ilikuwa bado na nafasi ya kulala zaidi, kama angetazama mwisho wa kona na kusukuma mkono wa kushoto.

MAFUTA NA BREKI

Ukishaanza kupinda, mkono wa mafuta utulie. Toa mafuta kidogo, sawasawa, kiasi cha kuifanya injini ivute bila kukaza na bila kulegea. Ukifunga mafuta ghafula katikati ya kona, uzito wote hukimbilia mbele na pikipiki hutetereka. Ukivuta klachi, au ukiweka fri ili kuokoa petroli, umeitenga injini na tairi, na umebaki kama mtu anayeteremka mlima kwa toroli. Petroli utakayookoa kwa njia hiyo hailingani na bei ya mguu.

Sasa breki. Wengi wameambiwa, "Usiguse breki ya mbele, itakurusha." Neno hilo lina ukweli nusu. Pikipiki ikipunguza mwendo, uzito huhamia mbele, na tairi la mbele hupata mshiko mkubwa kuliko la nyuma. Kwa hiyo, katika lami kavu, zaidi ya nusu ya nguvu ya kukusimamisha iko mbele. Asiyeitumia amejinyima sehemu kubwa ya breki zake. Lakini ni lazima uibane kama unavyokamua chungwa: anza kidogo, kisha ongeza. Ukiipokonya ghafula tairi hukwama, nawe utaanguka. Tumia zote mbili pamoja, pikipiki ikiwa wima, usukani umenyooka.

Katika changarawe na tope, breki ya mbele uiguse kidogo sana, na kazi kubwa uiachie breki ya nyuma na gia. Na pikipiki iliyokwisha kulala katika kona ya changarawe, usiiguse kabisa breki ya mbele. Ukilazimika kusimama, inyooshe kwanza, ndipo ufunge breki. Ndiyo maana nilisema mwendo uamuliwe kabla ya kona.

ABIRIA NA MZIGO

Yote niliyosema hubadilika ukipakia. Uzito uliokaa nyuma ya tairi la nyuma huinua sehemu ya mbele, na tairi la mbele likiwa jepesi halielekezi vizuri. Ukibeba mishikaki, yaani abiria wawili au watatu, wewe husukumwa mbele mpaka ukalalia tanki. Viwiko havikunjiki, magoti hayana pa kubana, mikono imekufa. Umekipoteza kile kikao chote tulichokijenga leo. Kwa hiyo mishikaki si hatari kwa ajili ya askari wa barabarani tu. Ni hatari kwa sababu inaondoa usukani mikononi mwako.

Abiria mmoja naye apewe maneno mawili kabla hujaondoka. Usione haya. Mwambie, "Mama, kaa karibu nami, weka miguu hapa, na tukifika kwenye kona usijivute upande wa pili, kaa nami tu, utazame begani kwangu upande tunaokwenda." Abiria anayejivuta nje kwa woga anaipindua kazi yako. Mzigo, kama kiroba cha mawe, ufungwe chini na mbele iwezekanavyo, usicheze. Na mwendo wako wa kona upungue.

MAZOEZI

Tafuta uwanja mtupu wenye ardhi ngumu, usio na watoto wala mifugo. Usijifunzie barabarani, wala usijifunze ukiwa na abiria. Angalia upepo wa tairi zote mbili na breki zote mbili. Vaa viatu vya kufunika mguu na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni. Wachunguzi waliokusanya tafiti nyingi duniani, katika ripoti ya mwaka 2008, waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani haimpunguzii mtu chochote.

Zoezi la kwanza. Pikipiki imesimama, injini imezimwa. Kaa kama tulivyosema. Tikisa viwiko. Bana tanki. Funga macho, hesabu mpaka ishirini, uuzoeshe mwili kikao hicho.

Zoezi la pili. Endesha polepole, njia iliyonyooka, magoti yamebana na mikono imelegea. Kila unapojikuta umekaza mabega, pumua nje, uyashushe.

Zoezi la tatu. Katika nafasi pana na ndefu, nenda karibu kilomita 25 kwa saa. Sukuma kidogo mpini wa kushoto, uone pikipiki inavyokwenda kushoto. Kisha wa kulia. Sukuma kidogo sana. Siku ya kwanza utashangaa.

Zoezi la nne. Panga mawe madogo au makopo kwa duara, hatua 15 kubwa toka katikati. Zunguka nje yake kwa gia ya pili, polepole. Usitazame jiwe lililo mbele yako. Tazama jiwe lililo upande wa pili wa duara. Zunguka mara kumi kushoto, halafu mara kumi kulia. Utaona kwamba upande mmoja unakushinda. Karibu kila mtu anao. Upande huo ndio uufanyie mazoezi zaidi.

Zoezi la tano. Kwa mwendo wa kilomita 20, pikipiki ikiwa wima, simama kwa breki zote mbili, ukiibana ya mbele kama chungwa. Ukizoea, fanya kwa kilomita 30.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Juma hili macho tu. Juma lijalo mikono. Robo saa kila siku ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi. Mwombe mwenzako wa kijiweni akutazame, au akupige picha za kutembea kwa simu yake. Mtu hajioni kisogo. Wengi wamekataa katakata kwamba hutanua magoti, mpaka walipojiona wenyewe.

Nawe usivunjike moyo ukiona siku chache za mwanzo unaendesha vibaya kuliko zamani. Mwili unaliacha zoea la kale kabla haujalishika jipya, na katikati hapo kuna kuyumba. Pita hapo kwa mwendo mdogo.

MUHTASARI

Ndugu msikilizaji, hofu itakuja. Hakuna dereva asiyeijua. Itataka uitazame hatari: wewe tazama njia. Itataka ukakamaze mikono: wewe bana kwa magoti, ulegeze mikono, usukume upande unaokwenda. Itataka ukanyage breki ghafula katikati ya kona: wewe utakuwa umekwisha kupunguza mwendo kabla hujafika. Leseni na mafunzo ya darasani yanakungoja pia, na nakushauri uyatafute. Lakini mazoezi haya waweza kuyaanza leo jioni, na hayana ada.

Kesho alfajiri mtu atapanda nyuma yako pale kijiweni. Hatakuuliza ulijifundisha wapi. Atakwambia tu anakokwenda, atakushika kiunoni, na atafikiria mambo yake. Umfikishe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kila mmoja aeleze alivyojifundisha kuendesha baiskeli au pikipiki. Ni zoea gani la siku zile ambalo bado analo?

2. Taja kona moja ya hatari katika mtaa wenu. Ukitupwa nje ya kona hiyo, utaangukia nini? Mwendo gani unafaa hapo wakati wa kiangazi, na mwendo gani wakati wa mvua?

3. Kwa nini dereva husema pikipiki "ilikataa kupinda"? Eleza kwa maneno yako mwenyewe, kisha umwonyeshe mwenzako juu ya pikipiki iliyosimama.

4. Kikundi chenu kitakwenda kufanyia mazoezi wapi, siku gani, na nani ataleta makopo?

Kwaherini, na safari njema.